Dibaji ya Habari za Kilwa na Orodha ya Faili

Historia ya masultani wa Kilwa iitwayo Kitab al-Sulwa, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, imesalia katika nakala ya mwaka 1877 iliyoko London, ambayo S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Dibaji yake yataja milango kumi. Iliyomo ni saba tu. Kama mitatu ilipotea au haikuandikwa kamwe, hilo ni jambo jingine: upungufu wajulikana kwa sababu dibaji ilisafiri pamoja na kitabu.

Watungao maktaba za programu, yaani mafungu ya programu yatumiwayo na watungaji wengine, wana desturi iliyo jirani. Bunda la lugha ya Perl huchukua faili iitwayo MANIFEST, orodha ya vyote vilivyomo. Kikikosekana kimoja, mpokeaji huonywa. Lakini orodha hiyo hiyo ndiyo itumiwayo kufungia bunda. Mtungaji akisahau kuyataja maelezo ya matumizi, hayatiwi, wala onyo halitoki, maana orodha na bunda vyapatana. Mpokeaji hudhani hayakuandikwa. Lau mnakili wa 1877 angaliisahihisha dibaji isomeke milango saba, hakuna ambaye angaliiulizia ile mitatu.