Anasoma Kila Neno, Mbona Haelewi?

Mzazi mmoja wa Tengeru ameniandikia swali ambalo naamini limo mioyoni mwa wengi. Mwanawe yuko darasa la pili. Herufi anazijua, silabi anazijua, na ukimpa kitabu cha hadithi hakuna neno linalomshinda. Lakini akimaliza sentensi ukamwuliza imesema nini, anakukodolea macho. Baba mtu anataka kujua kama huo ni uvivu, au mtoto ana shida ya akili.

Uvivu sio. Shida ya akili, mara nyingi, sio pia. Mtoto huyu ana wenzake Tanzania nzima. Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la pili walipopimwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kitaifa, wastani wao wa kusoma ulikuwa maneno kama 18 kwa dakika, na ni kama 8 tu kati ya kila 100 walioelewa walichosoma kwa kiwango kilichotarajiwa. Baadaye mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ulibadilishwa ili KKK zipewe nafasi kubwa zaidi. Habari za mitaala tumezisikia sana, naziacha. Mimi nataka kumfuata mtoto huyu silabi kwa silabi, maana kinachotokea kichwani mwake kati ya herufi ya kwanza na nukta ya mwisho kinanifurahisha kuliko jambo lolote ninalolijua katika sayansi ya elimu.

Akili ina mahali padogo pa kushikilia mambo inayoyafanyia kazi sasa hivi. Napaita kumbukumbu tendaji. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikisia kwamba hapo panaenea vitu saba, pungufu viwili au zaidi viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwa umekusanywa na kuishusha idadi hiyo hadi vinne hivi. Vinne tu! Lakini vinne vya nini? Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo nimehangaika na istilahi. Wapo watakaopendelea neno kipande. Mimi silitaki, kwa sababu kipande kimekatwa kutoka kitu kizima, na jambo tunalolizungumzia ni kinyume chake: vitu vingi vimekusanywa vikawa kimoja. Kiswahili kina neno lake tayari, tena liko sokoni. Ni fungu.

Nenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi, umtazame mama aliyetandika kiroba chake chini akipanga nyanya. Tatu chini, moja juu, fungu hilo. Mteja hazihesabu nyanya, anauliza fungu bei gani. Sasa tuseme kiroba chenyewe ni kidogo, kina nafasi nne tu. Mama ambaye nyanya zinamfikia mojamoja, naye hajui kuzifunga mafungu, ataweka nyanya nne na kiroba kimejaa. Ya tano ikija, ya kwanza inaviringika na kuanguka. Jirani yake mwenye kiroba cha ukubwa uleule anapanga mafungu manne, naye ana nyanya kumi na sita. Wa tatu anapanga sado nne. Wa nne ameweka matenga manne, na gari zima la nyanya limeenea pale pale ambapo wa kwanza alishindwa na tano. Viroba vyote ni sawa. Tofauti ni kile kinachohesabiwa kuwa kimoja.

Sasa mwekee mtoto wetu mbele sentensi hii: "Wageni wetu hatutawasahau." Neno la mwisho lina herufi 13. Anayesoma herufi kwa herufi ana nyanya 13 mkononi na nafasi nne za kuziweka. Akishajua silabi, zinakuwa saba: ha-tu-ta-wa-sa-ha-u. Bado zinazidi kiroba. Anayeanza kuzoea lugha ya maandishi haoni tena silabi, anaona hatu-ta-wa-sahau. Mwanasarufi ataikata hatu nayo vipande viwili, lakini jicho lililozoea huichukua kwa mpigo mmoja. Manne! Yameenea sawasawa. Na wewe unayesoma makala hii umeliona neno lote kama tenga moja, ukabakiwa na nafasi tatu za kuwaweka wageni, wetu, na hamu ya kujua kilichotokea.

Tazama pia mahali ambapo Kiswahili kimeweka ukanushi. Kimeuweka mwanzoni kabisa, katika ile silabi ya kwanza, ha. Mtoto anayekokota silabi saba akifika kwenye u ya mwisho, kitu kikongwe kuliko vyote kirobani mwake ni hiyo ha, nayo ndiyo ya kwanza kudondoka. Anabaki na "tutawasahau". Amesoma kila silabi kwa usahihi, mwalimu hajamsahihisha hata mara moja, na maana aliyoondoka nayo imepinduka.

Muda nao unambana. Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza walieleza mwaka 1974 jinsi kumbukumbu tendaji inavyofanya kazi, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba sauti tunazoshikilia bila kuzirudia moyoni huanza kufifia ndani ya sekunde mbili hivi. Piga hesabu mwenyewe. Anayesoma maneno 18 kwa dakika anatumia zaidi ya sekunde tatu kwa neno moja. Neno lake linaanza kuchakaa kabla hajalimaliza.

Kwamba siri imo katika mafungu, ukubwa wa kiroba ukiwa uleule, kumethibitishwa kwa namna ya kupendeza sana. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye kete kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa alirudisha kete nyingi mno kuliko mwanafunzi. Kete zilipomwagwa ovyoovyo, bila mpango wa mchezo halisi, ubingwa wake ukayeyuka karibu wote. Hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko wengine. Alikuwa na mafungu, na kete zilizomwagwa ovyo hazifungiki.

Kwa nini basi mzazi wetu hakuligundua tatizo mapema? Kwa sababu ya uzuri wa Kiswahili chenyewe. Kinaandikwa kinavyotamkwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa Ulaya waliomaliza mwaka wa kwanza wa shule. Wa Ufini, ambao lugha yao huandikwa inavyotamkwa, walisoma maneno kwa usahihi wa asilimia 98. Wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza, walipata asilimia 34. Sisi tuko upande wa Ufini. Lakini katika lugha za namna hii mtoto mwenye shida ya kusoma hakosei, anakawia tu, na Heinz Wimmer alilionyesha hilo kwa watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani. Katika Kiingereza sikio la mzazi hunasa kosa. Kwetu linasikia silabi safi, na mzazi anaridhika.

Hapohapo Tengeru kuna watu wanaolijua jambo hili la mafungu kwa namna nyingine. Chuo cha Ualimu Patandi kinaandaa walimu wa elimu maalumu, wakiwemo watakaowafundisha wasioona kusoma nukta nundu. Jicho langu likitua kwenye ukurasa hunyakua herufi kadhaa kwa mara moja. Kidole hakina bahati hiyo, kinagusa herufi moja, yenye nukta zisizozidi sita, kabla ya kwenda kwa ijayo. Kwa hiyo msomaji wa nukta nundu hupokea nyanya mojamoja maisha yake yote, na kazi nzima ya kufunga mafungu huifanya kichwani. Na wapo wanaosoma haraka, wakacheka pale penye kichekesho. Kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba fungu hutengenezwa na mazoezi.

Hili la kusoma haraka linanipeleka kwenye kipimo cha maneno kwa dakika, ambacho sikipendi. Shabaha iliyowekwa kwa darasa la pili ni maneno 50. Lakini hatutawasahau ni neno moja, na Mwingereza angehitaji matano kusema hayohayo. Ukihesabu maneno, unamwadhibu mtoto kwa sababu lugha yake inafunga mizigo vizuri. Tuhesabu silabi.

Na dawa? Mwaka 1974 David LaBerge na Jay Samuels walieleza kwamba usomaji ukishakuwa wa mazoea, akili huachiwa nafasi ya kufuata maana. Miaka mitano baadaye Samuels akapendekeza zoezi jepesi mno: mtoto asome kifungu kifupi kilekile, arudie, na arudie tena, mpaka kiende mbio, ndipo apewe kingine. Wazazi wengi hufanya kinyume. Mtoto akirudia ukurasa wa jana wanamwambia hicho umeshakariri, fungua mbele. Mwacheni arudie. Kila marudio yanafunga fungu jingine, na mafungu hayo anayakuta tena katika hadithi inayofuata, kwa kuwa wa-, na-, ta- na hatu- ziko kila ukurasa. Macho, masikio na njaa navyo vikaguliwe, na mtoto anayezungumza Kimeru nyumbani aongezewe msamiati wa Kiswahili, maana huwezi kufunga fungu la neno usilolijua.

Kwa mzazi aliyeniandikia: chagua ukurasa mmoja, mtoto ausome mara tatu jioni, na swali la "imesema nini" liulizwe baada ya mara ya tatu, lisiulizwe baada ya ya kwanza. Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Zoezi hili halifanyiki bila kitabu nyumbani. Vitabu vya hadithi vilivyofungiwa kabatini visichakae, mviachie viende na watoto, hata kama vitarudi vimekunjika pembe.