Nyumba ya Kandt na nyumba tulizoziacha



Ukifika Nyarugenge, pale Kigali, utaona nyumba moja ya zamani isiyofanana na maghorofa ya mjini. Ni nyumba ya Daktari Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Kandt alifariki kwao Ujerumani mwaka 1918, lakini nyumba ikabaki. Kwanza ilifanywa makumbusho ya viumbe na mazingira, na tangu mwaka 2017 inaitwa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt. Ndani kuna picha na maelezo ya maisha ya Wanyarwanda kabla ya wakoloni, ya wakati wa Wajerumani mpaka Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, na ya Kigali kukua hadi kuwa mji mkuu mwaka 1962.

Wengine watauliza: ya nini kutunza nyumba ya mkoloni? Haitunzwi ili kumsifu. Inatunzwa ili mtoto aone kwa macho yake mambo yalivyoanza, kisha aulize maswali.

Na kama nyumba yenyewe haipo tena? Nenda Nyanza. Jumba la nyasi la mfalme unaloliona pale limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani. Nyuma yake kuna nyumba ndogo ya maziwa na nyingine ya pombe. Vitu hivyo vilirudi kwa sababu kulikuwa na watu waliojua vilivyokuwa.

Sasa tujiangalie sisi. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mzazi, na pengine hajaiona hata siku moja nyumba ya babu yake kule Masisi au Rutshuru. Hata kambi zenyewe hazidumu. Gihembe, iliyofunguliwa mwaka 1997, ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu ya makorongo na mmomonyoko wa udongo, na watu wakahamishiwa Mahama. Waliokulia pale wana kwao kuwili ambako hawawezi kurudi kutazama.

Makumbusho ya jamaa hayahitaji jengo. Jaribuni hivi:

1. Mwambie bibi au babu aeleze nyumba yake: mlango ulitazama wapi, jiko lilikuwa wapi, ng'ombe walilala wapi. Mtoto achore huku mzee akisahihisha.

2. Andikeni majina: kijiji, mto, kilima, majirani, shule. Andikeni kwa lugha ya mzee mwenyewe.

3. Kama kuna kitu kilichotoka nyumbani, kikapu, kibuyu cha maziwa, kitambaa au picha, kifungieni karatasi: ni cha nani, kilitoka wapi, kilitumika vipi. Kitu kisicho na maelezo kesho kitatupwa kama takataka.

4. Karatasi zote ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya.

Neno moja kwa vijana: msimlazimishe mzee. Kuna vyumba ambavyo hataki kuviingia tena, hata kwa maneno. Anzeni na jiko, shamba, na michezo ya utoto. Akinyamaza, mwacheni apumzike, mrudi siku nyingine.

Lakini msikawie sana. Nyumba ya Kandt imesimama zaidi ya miaka mia moja. Mzee hana muda huo.