Kuanguka alfajiri siyo mapepo kila mara: saratani iliyojificha nayo ina dalili zake

Wadau wa Moro, saratani haianzi kila mara na uvimbe unaoshikika. Kuna dalili zinazotokea mbali kabisa na uvimbe, wakati mwingine miezi kadhaa kabla haujagundulika. Sababu ni kwamba uvimbe unaweza kumwaga homoni kwenye damu, au kuuchanganya mfumo wa kinga mpaka ukashambulia mishipa ya fahamu, misuli au ngozi.

1. Sukari kushuka. Mtu hana kisukari wala hatumii dawa zake, lakini alfajiri anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Akinywa chai yenye sukari anarudi sawa. Iwe Mgeta, Matombo au Mji Mpya, utasikia "hayo mapepo", safari ya kwa mganga inaanza. Kumbe baadhi ya saratani za ini hutoa kemikali inayofanya kazi kama insulini, kwa hiyo usiku mgonjwa akiwa hajala sukari inamwishia. Na saratani ya ini kwetu siyo ngeni: homa ya ini B na sumukuvu ya mahindi na karanga zenye ukungu ni visababishi vikubwa.

2. Damu kuganda. Mguu mmoja unavimba ghafla, unauma, una joto. Wengine wanasema kakanyaga uchawi, wengine matende. Lakini matende huja taratibu, kwa miaka. Mwaka 1865 daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza kuwa damu kuganda bila sababu huweza kuashiria saratani ndani. Mwaka 1867 aliiona dalili hiyo kwake mwenyewe, na mwaka huohuo saratani ikamuua. Mguu wa hivyo usiuchue! Donge likikimbilia mapafuni linaweza kuua. Wahi hospitali.

3. Vidole. Gusanisha kucha za vidole viwili vinavyofanana, mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida kunabaki kitundu kidogo katikati. Kama hakipo na ncha za vidole zimetuna, kapime mapafu na moyo.

Jamani tusitishane. Mara nyingi chanzo ni kingine: malaria, TB, dawa za kisukari. Ila dalili isiyo na maelezo, inayojirudia, tena mtu anakonda, siyo ya kukaa nayo nyumbani.

Ukimpeleka mgonjwa, mweleze daktari hivi: "Anazidiwa alfajiri, akipewa sukari anapata nafuu." Sukari ipimwe palepale akiwa kwenye hali hiyo, ni tone la damu la kidoleni tu. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Kisha omba altrasaundi ya tumbo. Ikionekana saratani, Taasisi ya Ocean Road ipo Dar, siyo mwisho wa dunia.

Anayetaka kwenda kwa mganga hatumzuii, ila apime kwanza. Mganga atasubiri, uvimbe hausubiri.