Jamaa wa Msangeni Waliofungiwa Ughaibuni

Kata ya Msangeni imo Ugweno, juu ya Milima ya Upare ya Kaskazini, wilayani Mwanga; ni nchi ya migomba, mibuni na mifereji ya maji, na chini yake, upande wa mashariki, limelala Ziwa Jipe ambalo Tanzania na Kenya zinagawana. Kwa kuwa ardhi ya mlimani ni haba, na kwa kuwa shule zilizoletwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig mwanzoni mwa karne ya 20 ziliwazoesha watu mapema kalamu na karatasi, imekuwa ada ya vizazi kuteremka kwenda kutafuta riziki Moshi, Tanga na Dar es Salaam, na hatimaye ng'ambo ya bahari. Maradhi ya korona yalipoenea duniani mwaka 2020, yalizikuta ahali nyingi za milima hii zimegawanyika: wengine wako chini ya amri ya kubaki ndani, wengine wako katika nchi iliyokataa kufunga milango.

Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, naye alikuwa amewasili Arusha kutoka Ubelgiji. Siku ya pili yake shule zikaamriwa kufungwa. Lakini Rais John Magufuli alikataa katakata kuwafungia watu majumbani, akishika hoja kwamba kazi lazima ziendelee, na makanisa, misikiti na masoko yakabaki wazi. Uingereza ilifuata njia nyingine: tarehe 23 Machi Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaamuru raia na wageni wabaki majumbani, wasitoke ila kwa chakula, dawa, kazi isiyoweza kufanyiwa nyumbani, na mazoezi ya mwili mara moja kwa siku. Maskati, mji mkuu wa Omani, walipo jamaa zetu wengi wasemao Kiswahili, ilifungwa kuanzia tarehe 10 Aprili hadi 29 Mei, na Ramadhani nzima ikapita humo, tarawehe zikisaliwa nyumbani.

Asiyepata kuishi Ulaya huenda akauliza kuna dhiki gani katika kukaa nyumbani kwako. Jawabu limo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya Ugweno ni pahali pa kulala na kujikinga na mvua na baridi. Maisha hasa hupita uani, shambani, mferejini na kwa jirani, na mtoto akimchosha mama yake huenda kwa bibi, kwa shangazi au kwa mama mdogo, wala hapana aulizaye amekula wapi. Nyumba ya London au Leicester, kwa mpangaji mwenye kipato cha kadiri, ni vyumba viwili na jiko katika ghorofa, nayo hufaa maadamu baba na mama wako kazini na watoto wako shule. Lakini wote wakiwemo tangu asubuhi hadi usiku, meza ya chakula ikawa darasa la watoto wawili wanaogombea kompyuta moja, na ukingo wa kitanda ukawa ofisi, nafasi huisha kabla siku haijafika adhuhuri. Mzazi alitakiwa awe mwalimu, shangazi, bibi na jirani kwa pamoja, kazi ambayo mlimani hubebwa na ukoo mzima.

Wala si wote walioruhusiwa hata hiyo dhiki ya kukaa ndani. Wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki ni wauguzi hospitalini na watunzaji wa wazee katika nyumba za kulelea wazee, na hao serikali iliwahesabu kuwa watu wa lazima. Mama wa namna hiyo alitoka alfajiri kwenda kukaa karibu na maradhi ambayo mumewe na wanawe walikatazwa hata kuyakaribia, na jioni aliporudi alivua nguo mlangoni, akaoga, ndipo akamkumbatia mwanawe. Wengine waliogopa hata kukumbatia. Mumewe, kama alikuwa mwajiriwa wa hoteli iliyofungwa na bwana wake akamwandikisha, alilipwa na serikali asilimia 80 ya mshahara, usizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Lakini aliyekuwa akifanya kibarua kisicho na mkataba, na kibali chake cha kukaa nchini kikamzuilia msaada wa umma, alibaki na akiba yake na rehema za wenzake.

Naamini, hata hivyo, kwamba miezi ile iliwapa watoto jambo ambalo shule za huko hazikuwa na uwezo wa kuwapa. Makande, chakula kilicholitangaza jina la Wapare nchini kote, yanataka mahindi na maharage yachemke kwa saa nyingi, na saa hizo, ambazo mhamiaji hana, sasa zilipatikana. Watoto waliozoea kuwaona wazazi wao usiku tu, wakiwa wamechoka, walishinda nao jikoni, wakawasikia wakizungumza na babu na bibi kwa simu, wakaulizia sababu ya kila jina na kila salamu. Jambo hili si dogo kwa Wagweno, ambao lugha yao ina wasemaji wachache hata kwao, imezungukwa na Kichasu cha Wapare upande mmoja na Kiswahili kila upande.

Katika simu hizo palitokea mageuzi ambayo kwangu ndiyo kiini cha kadhia nzima. Miaka yote aliyeko mlimani ndiye aliyehesabiwa kuwa mhitaji, na aliyeko Ulaya ndiye aliyehesabiwa kuwa salama, mwenye hospitali kubwa na serikali tajiri. Mwezi wa Aprili wazee wa Ugweno walisikia redioni maelfu wanavyokufa Uingereza na Italia, wakaanza wao kupiga simu, wao kuuliza kama mmekula, wao kuwaombea watoto wao na kuwaelekeza namna ya kujifukiza kwa nyungu. Mtoto wa ughaibuni naye alikuwa na hofu yake asiyoweza kuisema wazi, kwa sababu takwimu za maradhi nchini Tanzania zilikoma kutolewa mapema mwezi wa Mei, zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hakuwa na njia ya kujua kama ukimya ule ni afya au ni giza. Kila upande ulificha kikohozi chake.

Fedha hazikukatika kama ilivyobashiriwa. Benki ya Dunia ilikadiria mwezi wa Aprili kwamba fedha zinazotumwa Afrika kusini mwa Sahara zingepungua kwa asilimia 23 hivi; mwaka uliofuata ikatangaza kwamba, ukiiacha Nigeria iliyoanguka sana, ziliongezeka kwa asilimia 2.3. Katika hesabu hiyo wamo watunzaji wa wazee waliofanya zamu za usiku ili ada ya shule na dawa ya shinikizo la damu zisikose huko kwao.

Lililowavunja moyo lilikuwa ni maziko. Mpare hupenda kuzikwa kwao, penye makaburi ya wazee wake, na ukoo hufika wote, hata kama nauli ni ya kukopa. Katikati ya Aprili Tanzania ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje, ikazirudisha tarehe 18 Mei, na waliofiwa katika muda huo waliangalia maziko kwa simu iliyoshikwa na mpwa kaburini, picha ikikatika mtandao unapopotea. Wengi walijiahidi kufidia baadaye. Lakini tarehe 22 Januari 2021 Uingereza iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizozuiliwa, na kuanzia 15 Februari mkazi wa Uingereza aliyerudi kutoka Tanzania alilazimishwa kukaa hotelini siku 10 kwa gharama yake: pauni 1,750 kwa mtu mzima wa kwanza, 650 kwa wa pili, na 325 kwa kila mtoto wa miaka 5 hadi 12. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo walitakiwa kuwa na pauni 3,050 juu ya nauli, kwa kwenda kumzika bibi. Zuio hilo halikuondolewa hadi Oktoba 2021, na katika miezi hiyo nyumba nyingi ziliketi usiku kufanya hesabu hiyo, zikamchagua mmoja wa kwenda kuwakilisha wengine, au zikatuma fedha za sanda na jeneza na kubaki.