Zahabu ya mpira huko Leavesden, na Tongoni yetu

Mu filme ya mwisho ya Harry Potter, kuna mahali vijana wanaingia ndani ya Gringotts, benki ya wachawi. Wanapanda kigari juu ya reli, kinawateremusha chini kabisa ya udongo, mpaka kwenye chumba kilichojaa zahabu. Wazee wetu waliofanya kazi Kalima, wakati wa Symétain ao wa SOMINKI, watamtambua yule wagone mara moja. Zahabu yenyewe hawataitambua, kwa sababu ni mpira. Vikombe, sahani, mapambo: mafundi walitengeneza vipande 38,000 vya mpira, wakavipaka rangi, ili waigizaji waweze kupanda na kuanguka juu yake bila kuumia. Tena, kwa filme mbili za mwisho, walitengeneza pesa za uongo 210,000. Hesabu hiyo tumeiandika kwa tarakimu makusudi, ili PDG wa shimo yeyote pale Salamabila aisome mara mbili.

Na watu wanalipa kwenda kuiona.

Mahali penyewe panaitwa Leavesden, kaskazini ya London. Mtu anapanda treni pale Euston, anashuka Watford Junction kiisha dakika kama 20, na hapo basi ya watalii inamchukua. Tiketi ya mtu mkubwa inapita dola 60. Zile hangari kubwa zilikuwa kiwanda cha ndege wakati wa vita ya pili ya dunia, baadaye Rolls-Royce akatengenezea humo mainjini. Watu wa sinema walikuta nyumba ndefu, zenye paa la juu, bila nguzo katikati, na karibu yake kiwanja kikubwa kitupu. Wao hawatafuti kingine. Filme nane za Harry Potter zilitengenezwa pale kwa muda wa miaka kumi, na tangu tarehe 31 Machi 2012 milango iko wazi kwa kila mwenye tiketi.

Anayeingia anaona sali kubwa ya kulia chakula ya ile shule. Sakafu yake ni mawe ya kweli, sababu ilipaswa kukanyagwa na mamia ya watoto mwaka kwa mwaka. Kuta zinaonekana mawe vilevile, lakini nyuma yake ni mbao na plasta. Anaona barabara ya maduka isiyo na nyumba nyuma ya milango. Anaona lile jumba lote la shule, limetengenezwa dogo, mara 24 chini ya kipimo chake. Ndilo lilipigwa picha mara nyingi filme ilipoonyesha jumba kwa mbali. Msomaji mwenye ndugu kule London anaweza kumuomba picha, itafika kwa telefone siku ileile.

Juu ya nini tunawaeleza haya ninyi wa Kasongo na Kabambare? Juu ya jambo ambalo watalii wengi wanapita bila kulijua. Mwaka 2014, mu hangari za Leavesden zilezile, walijenga Kongo.

Ilikuwa kwa ajili ya filme ya Tarzan iliyotoka 2016, The Legend of Tarzan. Mwenye kuiongoza ni David Yates, aliyeongoza filme nne za mwisho za Harry Potter. Mwenye kupanga majengo ni Stuart Craig, yuleyule aliyepanga ile shule ya wachawi. Miti ya pori letu ilitengenezwa kwa mikono, mizizi na majani yote, chini ya taa. Bandari ya Boma ilijengwa kule, pamoja na gati na maji yake. Waigizaji wakubwa walifanyia kazi yao Uingereza. Ni wapiga picha ndio walitumwa Gabon, kupiga mapori na mito toka juu angani. Kisha kompyuta ikaunganisha. Mtoto wa Kasongo anayetazama ile filme mu sali ya video, gurupe ikinguruma nje, anaambiwa kwamba anaona nchi yake. Anachoona ni Gabon toka angani, na hangari ya Uingereza toka chini.

Kwa watu wa chepeo na karai kuna la kuchekesha zaidi. Mu filme hiyo wanapigania almasi za mji unaoitwa Opar. Tuliitazama tukitafuta mtu mmoja mwenye nyundo, mwenye kubeba kifuko mgongoni, mwenye kuvuta maji shimoni. Hayuko. Mawe yanatoka tayari mkononi mwa mfalme. Vitabu vya zamani ni vilevile. Edgar Rice Burroughs, Mmarekani ambaye hadisi yake ya kwanza ya Tarzan ilitoka mwaka 1912, hakufika Afrika hata siku moja. Kwake yeye Opar ina vipande vya zahabu vilivyopangwa ndani ya chumba tangu zamani. Tarzan akipungukiwa na makuta, anaenda, anachukua, anarudi. Hakuna tonji, hakuna taksi, hakuna kizuizi barabarani. Nani kati yetu hangependa shimo la namna ile!

Lakini mtu mmoja mu filme hiyo si wa kubuni. Adui wa Tarzan anaitwa Léon Rom, na Léon Rom aliishi kweli. Alikuwa ofisa Mbelgiji wa mfalme Leopold, na alishiriki ile vita ya 1892 mpaka 1894 dhidi ya Waarabu na Waungwana, vita iliyopiganwa hapa Maniema, mu nchi hii tunayolala. Mwaka 1895 alikuwa mkubwa wa posta ya Stanley Falls, Kisangani ya leo, na wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba bustani yake ya maua ilizungukwa na vichwa vya watu. Rafiki wa Tarzan vilevile ni mtu wa kweli: George Washington Williams, Mmarekani mweusi, aliyeandikia Leopold barua ya wazi mwaka 1890 toka Stanley Falls kushitaki mambo aliyoyaona. Mu filme Rom anakufa mbele ya macho yetu, analiwa na mamba. Rom wa kweli alirudi Ubelgiji na medali zake, akafa kwake mwaka 1924.

Ndiyo maana tunasema ukumbi wa asili wa ile hadisi hauko Watford. Uko hapa.

Mchezo huu wa kujenga Afrika mbali na Afrika ni wa zamani. Mwaka 1929 kikundi cha Hollywood kilikuja Afrika ya Mashariki, mpaka Kongo ya Wabelgiji, kutengeneza filme inayoitwa Trader Horn. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa Mkamba wa Kenya, Mutia Omoolu, na walimpeleka mpaka Amerika kumaliza kazi. Picha walizobakiza walizitumia mu filme ya Tarzan ya 1932, na ule mlima wa kubuni ambao Tarzan anaishi juu yake waliuita Mutia. Jina la mtu wetu limebaki mahali pasipokuwapo. Vingine vyote vilipigwa Kalifornia, penye ziwa karibu na Los Angeles. Tembo walikuwa wa Asia, wenye masikio madogo, basi wakawavalisha masikio makubwa ya kubandika. Muwindaji yeyote wa Kabambare angecheka mpaka machozi.

Kuna waliokuja kweli. Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Katharine Hepburn na Humphrey Bogart mpaka mto Ruiki, karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo. Ni mto unaoingia Lualaba, maji yaleyale yanayopita hapa kwetu, ila chini zaidi, kuelekea Kisangani. Filme ni The African Queen. Haina uchawi ndani, lakini kazi yake ilitoa jasho la kweli. Walijengewa kambi ya miti na majani pale Biondo. Siafu waliwaingilia usiku, mashua ilizama ikabidi kuivuta juu kwa mikono, na karibu wote waliugua tumbo. Bogart na Huston walisema whisky ndiyo iliwaponesha. Kisha walihamia Uganda. Sehemu za mtu kuingia ndani ya maji zilipigwa London, maana waliogopa magonjwa ya maji yetu.

Ile mashua iko wapi? Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1912, ikafanya kazi kwenye ziwa Albert, na leo iko Key Largo, Florida, imetengenezwa upya, inabeba watalii wenye kulipa. Kule Ruiki, pori limerudi mahali pake.

Haiko lazima mambo yaende vile. Kule Tunisia, mwaka 1976, walipiga filme ya kwanza ya Star Wars mu nyumba za watu zilizochimbwa ndani ya udongo pale Matmata. Hoteli Sidi Driss ingali inapokea wageni wanaotaka kulala palipopigwa picha. Baadaye, kwa filme ya 1999, walijenga kijiji kizima mchangani karibu na Nefta, pale Ong Jemel, wakakiacha. Mchanga unakisogelea, lakini wenye ngamia, wenye gari na wenye kuuza chai wamekula toka pale kwa miaka mingi. Nao pia ni watu wa machimbo: Metlaoui na Redeyef, miji ya fosfati, haiko mbali.

Basi turudi nyumbani. Kasongo ilitekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, alisimulia mu kitabu chake cha 1897 kwamba hata askari wadogo walilala juu ya magodoro ya hariri, mu vitanda vya kuchongwa, na kwamba bustani zilijaa machungwa, mapera na mananasi. Kabambare ilianguka Januari 1894. Ule mji wa zamani wa Kasongo ulikuwa Tongoni, na jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa. Miaka ya karibuni watafiti wa akiolojia, Wakongomani pamoja na wageni, walifika kuchimbua pale na kuwasikiliza wazee, Kasongo na Kabambare vilevile. Tunaweza kufikiri maulizo waliyopata: mu nchi yetu mwenye kushika chepeo anatafuta kitu cha kuuza. Wao walitafuta vyungu, ushanga na misingi ya nyumba.

Nyumba ya Tippu Tip iko Zanzibar, Mji Mkongwe, na watalii wanasimama mbele ya mlango wake kupiga picha. Mji aliotawalia uko hapa, bila kibao. Hatusemi tujenge sanamu yake. Wajukuu wa wale waliofungwa minyororo wanaishi hapa pia, na wana neno lao la kusema. Tunasema wazi kwamba tangu Banro aliposimamisha kazi Namoya mwaka 2019, kijana wa Salamabila ameonyeshwa njia moja tu ya kupata makuta, nayo inaingia chini ya udongo. Barabara ni mbaya, usalama ni wa mashaka, hilo kila mtu analijua. Mtalii wa Watford hatakuja kesho. Lakini kibao cha mbao pale Tongoni kinaweza kuandikwa mwezi huu. Mwalimu wa darasa la sita anaweza kuwapeleka watoto kwa miguu. Na mwenye kuchimba akikuta ushanga, ao kipande cha chungu chenye maua, ao chuma cha mnyororo, asikitupe pamoja na udongo: akipeleke kwa mwalimu, aseme ni shimo gani na kina gani.

Wazee wanaojua ni nyumba ya nani ilisimama mahali gani wamebaki wachache. Mwenye babu wa namna hiyo, akae naye jioni hii, aandike.