Kwa nini vyuo vya biashara Marekani hupoteza wanafunzi wengi kuliko vyuo vya umma?

Wanafunzi 29 kati ya 100. Hao ndio waliofanikiwa kumaliza shahada ya kwanza ndani ya miaka sita, katika kundi lililoanza masomo mwaka 2014 kwenye vyuo vya Marekani vinavyoendeshwa kibiashara, yaani vile ambavyo faida yake huenda kwa wamiliki na wenye hisa.

Kwenye vyuo vya umma waliomaliza ni 63 kati ya 100. Kwenye vyuo binafsi visivyogawana faida, kundi ambalo ndani yake yumo Harvard na vyuo vingi vya makanisa, ni 68.

Namba hizo zimetoka kwa NCES, kituo cha takwimu cha Wizara ya Elimu ya Marekani, na zimekuwa zikirushwa kwenye kila mjadala kuhusu vyuo hivi. Wapinzani wanasema ni wizi wa mchana. Watetezi nao wanajibu: mnatulinganisha na watu wasiolingana na sisi.

Kila upande una hoja yake, na hapa ndipo pa kuchimba.

Nani anahesabiwa, nani hahesabiwi

Hesabu hiyo inamgusa mwanafunzi anayeingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote, bila kugawanya siku kati ya darasa na kazi kwenye makaratasi ya usajili.

Sasa, mteja mkubwa wa vyuo vya biashara mara nyingi si kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari jana. Ni mama anayelea watoto peke yake, askari aliyestaafu, mfanyakazi wa ghala anayetaka kuhamia ofisini. Wengi wao waliwahi kuanza chuo wakaacha. Mtu wa namna hiyo haingii kabisa kwenye ile 29, amalize au asimalize.

Vyuo hivi pia hupokea kwa wingi Wamarekani weusi na watu wa kipato cha chini. Hao hata kwenye vyuo vya umma huacha masomo kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu gari likiharibika au mtoto akiugua hakuna akiba ya kuziba pengo. Vyuoni Tanzania mtu aliyeondolewa kwa kufeli husemwa "amedisko". Marekani wengi wanaoacha hawajadisko. Wanakosa wiki moja, wanakosa ya pili, halafu kimya.

Ukienda kwenye kozi fupi, mambo yanageuka. Katika vyuo vya miaka miwili, vile vya biashara hufikisha takriban wanafunzi 6 kati ya 10 kwenye cheti au shahada ya miaka miwili. Vyuo vya umma vya ngazi hiyo, ambavyo Wamarekani huviita vyuo vya jamii, hufikisha takriban 3 kati ya 10.

Mbona hivyo? Kozi ya biashara imenyooka: unaingia Jumatatu, ratiba imeshapangwa, hakuna kuchagua masomo, miezi kadhaa unatoka na cheti cha msaidizi wa daktari au fundi wa viyoyozi. Chuo cha jamii ni kama soko, unachagua mwenyewe, na mshauri mmoja anaweza kuwa na wanafunzi mamia. Isitoshe, anayehama chuo cha jamii kwenda chuo kikuu kabla ya kuchukua cheti huhesabiwa pale alipotoka kama mtu ambaye hakuhitimu hapo.

Wachumi David Deming, Claudia Goldin na Lawrence Katz wa Harvard waliliona hilo kwenye utafiti wao wa mwaka 2012. (Goldin ndiye aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023.) Vyuo vya biashara, waligundua, vinashika vizuri wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa kozi fupi. Ila miaka sita baada ya kuanza, wanafunzi hao walikuwa na madeni makubwa zaidi, walishindwa zaidi kulipa mikopo, na wengi zaidi walikuwa hawana kazi ukilinganisha na wenzao wenye historia inayofanana waliosoma kwingine.

Kwa hiyo kumaliza peke yake hakutoshi. Cheti kinatakiwa kilete kitu mezani.

Waajiri wanakionaje hicho cheti?

Swali hili lilipimwa kwa njia rahisi. Watafiti walituma maombi ya kazi ya kubuni kwa waajiri halisi, wakibadilisha jina la chuo tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mwenye shahada ya biashara kutoka chuo cha faida cha mtandaoni alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 22 wa kupigiwa simu, akilinganishwa na mwenye shahada hiyohiyo kutoka chuo cha umma cha kawaida. Cha kawaida kabisa, siyo chuo cha vigogo.

Ziko wapi pesa?

Mwaka 2012 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Tom Harkin ilitoa ripoti baada ya uchunguzi wa miaka miwili kuhusu kampuni 30 za elimu. Kwa mwaka 2009 peke yake, kampuni hizo zilitumia dola bilioni 4.2 kwenye matangazo na kusaka wanafunzi. Faida ilikuwa dola bilioni 3.6. Kufundisha kulipata dola bilioni 3.2.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Kufundisha, ambayo ndiyo kazi ya chuo, kulishika nafasi ya tatu.

Ukitazama wafanyakazi picha ni ileile. Kampuni hizo zilikuwa na watu zaidi ya 35,000 wa kuwashawishi wanafunzi wajiunge, na kama 3,500 wa kuwasaidia kupata kazi. Yaani kwa kila mtu mmoja wa kukutoa mlangoni na ajira, kulikuwa na kumi wa kukuingiza. Na zaidi ya nusu ya walioandikishwa mwaka wa masomo 2008/09, asilimia 54, walikuwa wameondoka bila cheti chochote ilipofika katikati ya 2010.

Ada nayo ilikuwa juu. Kozi za cheti ziligharimu zaidi ya mara nne ya bei ya kozi kama hizo katika chuo cha jamii. Pesa hiyo ilitoka wapi, wakati wanafunzi wengi ni masikini? Kwa sehemu kubwa, serikalini: mikopo ya wanafunzi na ruzuku iitwayo Pell, ambayo hutolewa kwa wenye kipato kidogo na hairudishwi.

Sheria iliweka breki moja. Chuo cha biashara hakiruhusiwi kupata zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka misaada ya masomo ya serikali kuu. Asilimia 10 lazima itoke kwingine, kwa hoja kwamba kama elimu yako ni nzuri hatakosekana mtu wa kuilipia kwa pesa yake.

Lakini kulikuwa na tundu. Fedha za elimu wanazopewa askari na waliostaafu jeshini, ingawa ni za serikali pia, ziliwekwa kwenye ile asilimia 10. Piga hesabu: kila dola 1 ya askari ilifungua mlango wa dola 9 nyingine za serikali. Ndiyo maana maofisa wa udahili waliwaandama askari hadi hospitalini na kambini. Bunge liliziba tundu hilo kwa sheria ya mwaka 2021, na utekelezaji ukaanza 2023.

Hapa ndipo jibu la swali la kichwa cha habari lilipo, kwa kiasi kikubwa. Kampuni ilikuwa inalipwa mwanafunzi anapoingia. Akiacha baada ya muhula mmoja, deni linabaki kwake, na kiti chake kinajazwa na mwingine aliyeletwa na tangazo la televisheni la saa nane mchana. Kumbakiza mwanafunzi kunahitaji washauri, walimu wa ziada, malezi ya watoto. Kumpata mpya kunahitaji simu tu.

Kilichowapata wa Corinthian na ITT

Corinthian Colleges ilikuwa na vyuo kama 100 na wanafunzi zaidi ya 70,000 mwaka 2014, chini ya majina kama Everest na Heald. Mwaka mmoja kabla, Mwanasheria Mkuu wa California, Kamala Harris, huyohuyo aliyekuja kuwa Makamu wa Rais, alikuwa ameifungulia kesi. Kwa mujibu wa mashtaka, nyaraka za ndani za kampuni ziliwaelezea walengwa wake kama watu wapweke, wasiojiamini, wenye watu wachache wa kuwajali. Kampuni ilidaiwa pia kutangaza viwango vya ajira ambavyo havikuwa vya kweli.

Aprili 2015 ilifunga milango iliyobaki. Wanafunzi kama 16,000 walikuta vyuo vyao vimefungwa katikati ya masomo. Septemba 2016 ikafuata ITT Technical Institute.

Madeni hayakufungwa pamoja na milango. Iliwachukua wanafunzi miaka ya kesi, maombi na maandamano. Juni 2022 serikali ilifuta dola bilioni 5.8 za waliosoma Corinthian, watu 560,000. Agosti mwaka huohuo ikafuta dola bilioni 3.9 za ITT. Kwa aliyeacha masomo 2009, hiyo ni miaka 13 ya kupigiwa simu na wadai kwa ajili ya cheti ambacho hakukipata.

Siyo vyuo vyote vya biashara viko hivi, lazima isemwe. Vipo vya urembo, vya ufundi na vya uuguzi ambavyo wahitimu wao wanapata kazi. Tatizo ni kwamba tangazo la chuo kizuri na la chuo kibovu yanafanana.

Vyuo vya umma navyo vilikuwa vinalala

Hiyo 3 kati ya 10 ya vyuo vya jamii ni aibu, na wenyewe wanajua. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefika na hesabu dhaifu alirudishwa kwenye masomo ya maandalizi yasiyohesabika kwenye shahada. Alilipia, alitumia mihula miwili au mitatu, na wengi hawakufika kwenye somo lenyewe. California ilibana utaratibu huo kwa sheria ya 2017.

Mfano unaotajwa zaidi unatoka New York. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji, CUNY, kilianzisha mpango wa ASAP kwenye vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi anakubali kusoma kwa muda wote. Yeye anapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, pengo la ada linazibwa, vitabu vinasaidiwa, na anapata kadi ya usafiri wa treni na basi.

Kadi ya basi! Inaonekana kitu kidogo, lakini muulize mwanafunzi yeyote wa Dar anayetoka Mbagala kwenda chuo kila siku.

Taasisi ya MDRC iliupima mpango huo kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu. Ndani ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa ASAP walihitimu. Waliobaki nje ya mpango, asilimia 22. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda, ila kwa kuwa waliohitimu walikuwa wengi zaidi, gharama kwa kila mhitimu ilishuka. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga, na matokeo yakaenda njia ileile.

Kule Atlanta, Georgia State iligundua kuwa kila muhula ilikuwa inawafuta wanafunzi zaidi ya 1,000 kwa madeni ya ada, wengine wakiwa wamebakiza kidogo wahitimu na wanadaiwa mamia tu ya dola. Tangu 2011 chuo kikawa kinamaliza deni hilo chenyewe bila kusubiri mtu aombe. Kikajenga pia mfumo wa kompyuta unaopiga kengele mwanafunzi anapoteleza, mfano akipata alama mbaya kwenye somo la msingi la fani yake. Kiwango cha kuhitimu kilichokuwa asilimia 32 mwaka 2003 kilivuka 50.

Chuo cha umma kina sababu ya kufanya hivyo. Mwanafunzi akiondoka, ada ya mihula iliyobaki nayo imeondoka, na majimbo mengi sasa hufunga sehemu ya bajeti kwenye idadi ya wahitimu.

Kwa ndugu walioko Marekani

Mwenye viza ya mwanafunzi hapati msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani. Lakini mwenye grini kadi, wakiwemo walioshinda bahati nasibu ya viza, na mkimbizi, wakiwemo maelfu ya Wakongo waliohamishiwa huko miaka ya karibuni, wanastahili kuomba. Hao ndio simu za udahili zinaweza kuwatafuta.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kusaini. Kwanza, ruzuku ya Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya masomo ya muda wote. Muhula uliotumia kwenye chuo kibovu umetumika. Pili, masomo hayahami kirahisi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliripoti mwaka 2017 kwamba waliohama kutoka chuo cha biashara kwenda cha umma walipoteza kwa makadirio asilimia 94 ya masomo waliyokwishafaulu. Maana yake, karibu kuanza upya.

Kiwango cha kuhitimu, deni la kawaida na kipato cha wahitimu kwa kila chuo vinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali ya College Scorecard, iliyoanza kutoa takwimu hizo kwa upana mwaka 2015. Unaandika jina la chuo, namba zinatoka. Ofisa wa udahili aliyeko kwenye simu anaweza kusubiri dakika hizo tano.