Kipimo cha Raha Ndogo

Kikombe cha kahawa inayouzwa barabarani katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Mji wa Kale wa Mombasa, huko Lamu, na hata katika Kariakoo ya Dar es Salaam ambako kila mtu ana haraka, ni kidogo hata mgeni akikitia machoni kwa mara ya kwanza hudhani ameletewa kitu cha kuchezea watoto. Hakina mkono wala kisahani, na kinachomiminwa ndani yake hakizidi mafunda machache. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, mkono wa pili ukigonganisha vikombe ili mlio utangulie na kuwapa habari walioketi barazani. Akifika huliinamisha dele, hujaza kikombe mpaka karibu na ukingo, humpa mnywaji, na kikirudi hukisuuza na kumjazia mwingine. Pale Jaws Corner, makutano ya vichochoro vya Unguja yanayojulikana kwa kahawa na mabishano ya siasa, watu huweza kukaa tangu alasiri hadi usiku, dhumna zikipigwa mezani kwa kishindo, na usimsikie hata mmoja akidai kikombe kikubwa zaidi. Atakaye zaidi huomba cha pili.

Kahawa yenyewe ni chungu, haina sukari, na pengine imetiwa tangawizi. Funda la kwanza huunguza ncha ya ulimi, la pili hushuka kooni kwa ukali wake wote, na kabla moto haujaitoka kahawa kikombe kimekwisha. Kando yake huwapo kipande cha kashata ya njugu au ya nazi, nacho huumwa kidogo kidogo, uchungu ukiuzidishia utamu nguvu na utamu ukiurudishia uchungu makali yake. Kahawa hiyohiyo ingetiwa katika bilauri kubwa, nusu ya mwisho ingenywewa baridi, na ulimi ungekuwa umekwisha kuchoka nayo. Udogo wa kikombe, basi, wala hautokani na uchoyo wa muuzaji. Ndio unaoihifadhi ladha.

Habari ya kuzihisi na kuzithamini raha ndogo za kila siku imekuwa mashuhuri sana katika zama zetu, lakini aghalabu hunenwa kwa maneno laini yasiyo na uzito, kana kwamba mtu akishauriwa tu kutabasamu apitapo penye maua, shauri limekwisha. Mimi naona kuwa raha hizi zina kanuni zinazoweza kuelezwa, na kwamba hudumu kwa kipimo na kwa nafasi iliyopo baina ya mara moja na ya pili, kuliko zinavyodumu kwa wingi. Adui mkubwa wa raha hizi ni mazoea. Jambo lililompendeza mtu jana humpendeza kidogo leo, na kesho hupita mbele yake asilione, ijapokuwa lenyewe halikubadilika hata kidogo.

Mwaka 1978 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu 22 waliojishindia fedha nyingi katika bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakiwalinganisha na watu wengine 22 ambao hawakushinda kitu. Waliwauliza kiasi cha furaha yao, kisha wakawauliza kiasi wanachopendezwa na mambo ya kawaida kabisa: kuzungumza na rafiki, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, kusifiwa, kusoma jarida. Washindi hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa furaha jinsi ambavyo mtu angetarajia. Na katika mambo yale madogo walipata raha pungufu kuliko wale ambao bahati haikuwatembelea. Watu 22 ni wachache, wala haifai kuwahukumu walimwengu wote kwa ajili yao, lakini jambo lenyewe si gumu kusadikika. Aliyefikwa na siku moja kubwa kupita zote huzipima siku zote zinazofuata kwa kipimo cha siku ile, na mahamri na mbaazi za nazi, ambazo asubuhi moja kabla yake zilikuwa neema kamili, huwa sasa ni chakula tu.

Anayetaka kuyaona mazoea yakifanya kazi yake waziwazi na aitazame pua. Mwenye nyumba hufukiza udi katika chetezo, moshi ukaingia katika mapazia na nguo na nywele, na baada ya muda mfupi yeye mwenyewe hausikii tena, ni mgeni anayevua viatu mlangoni ndiye asemaye, “Hapa kwenu pananukia leo.” Harufu haikuondoka. Pua ya mwenyeji ndiyo iliyoacha kuipasha akili habari ambayo akili inaijua tayari, na huu ni mpango wa busara katika maumbile, kwa kuwa pua iliyoshughulika mchana kutwa na udi ingeweza kukosa kusikia harufu ya wali unaoungua jikoni.

Wanawake wa pwani walilipatia jambo hili dawa. Asumini huchumwa jioni, ingali vitumba vyeupe vilivyofungana, hutungwa kwa uzi na kutiwa nyweleni, au huunganishwa na rehani na mkadi na kilua kikawa kikuba cha kubandikwa kwenye nguo. Vitumba hufunguka usiku, na huko kufunguka kwao ndiko kunakoachilia harufu, hata aliyevivaa husikia manukato yakizidi saa kwa saa badala ya kufifia. Siku ya pili yake maua yamekwisha kunywea na kugeuka rangi, na hakuna hila ya kuyafanya yaendelee kunukia. Atakaye tena hana budi kuchuma tena. Chupa ya manukato ya dukani, kinyume cha hayo, hukaa mezani mwaka mzima na harufu yake ni ileile, na aipakaye kila siku ndiye wa kwanza kuacha kuisikia. Pengine ndiyo sababu huzidisha kujipaka hata abiria wenzake katika daladala wakafungua madirisha.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi nayo ni ya namna hiyo. Harufu inayopanda ardhini matone yanapogusa vumbi ilielezwa na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, katika jarida la Nature mwaka 1964: wakati wa ukavu mimea hutoa mafuta ambayo hunywewa na udongo na mawe, na unyevu ukifika mafuta hayo huachiliwa hewani. Pamoja nayo hutoka jeosmini, kitu kinachotengenezwa na vijidudu vya udongoni, ambacho pua ya mwanadamu hukitambua hata kikiwa ni sehemu chache tu katika sehemu trilioni moja. Yaani tumeumbwa na chombo cha kupima kikali kiasi hicho, nasi tunapoona wingu tunakimbilia kuanua nguo kambani! Kuanua ni lazima, sikatai, lakini mwenye kapu la nguo mkononi haombwi ila kusita pumzi mbili au tatu mlangoni, maana masika ikishika, katika juma la pili mvua huwa na harufu ya tope tu.

Nafasi baina ya raha na raha imechunguzwa vilevile, na jawabu lake ni la ajabu kidogo. Mwaka 2008 Leif Nelson na Tom Meyvis walieleza majaribio ambamo baadhi ya watu walichuliwa mwili kwa mfululizo, na wengine walichuliwa kisha wakakatizwa kidogo kabla ya kuendelea. Waliokatizwa walifurahia zaidi. Na hata hivyo watu walipoulizwa kabla yake, walisema hawataki kukatizwa; hatujui yanayotufaa. Miaka mitano baadaye Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn waliwapa watu chokoleti, wakawaambia wengine wakae juma zima bila kuigusa na wengine wale kadiri wapendavyo, na juma lilipotimia wakawapa wote kipande kingine. Waliojizuia ndio walioonja utamu zaidi.

Msomaji aliyewahi kufunga Ramadhani atauliza kama ilihitajika safari yote hiyo kwa jambo analolijua kila magharibi. Mwenye saumu hukaa mbele ya sinia akingojea adhana, na kitu cha kwanza kuingia kinywani ni tende moja na maji. Tende ileile katika mwezi wa Shawwal hupitiwa mezani pasi na kutazamwa. Wakati wa kufuturu mtu huihisi nyama ya tende ikiachana na kokwa, husikia utamu ukienea pande zote za kinywa, na maji ya mtungi yanapofuata husikia baridi yake ikishuka mpaka kifuani. Na maji hayo ya mtungi nayo yana habari yake: chombo cha udongo kina vinyweleo, maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, hewa huyageuza mvuke, na mvuke unapoondoka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kwa hiyo ubaridi wake ni wa kiasi, hautishi meno kama ule wa friji, na mtu huweza kunywa kata nzima kwa pumzi moja.

Lakini kipimo na nafasi havimfai asiyekuwapo. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu 2,250, kwa njia ya simu zao na katika nyakati zisizotarajiwa, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya nyakati hizo fikira zilikuwa mbali na lililokuwa mkononi. Majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa watu walikuwa na furaha pungufu fikira zilipotangatanga, na hata waliowazia mambo ya kupendeza hawakuwapita waliokuwa wameshughulika na lile walilokuwa wakilifanya. Siku hizi barazani mtu hupokea kikombe kwa mkono wa kulia, simu ikiwa katika wa kushoto, akakinywa na kukirudisha. Ukimwuliza kama kahawa ilikuwa na tangawizi hutazama kikombe kitupu kutafuta ushahidi.

Waliofaulu kuziona raha ndogo vizuri katika maandiko si watu wapole kama inavyodhaniwa. Sei Shōnagon, aliyemtumikia malkia katika baraza la kifalme la Japani takriban miaka 1000 iliyopita, aliacha kitabu chenye orodha za mambo yanayopendeza na orodha za mambo yanayochukiza, na ulimi wake ni mkali katika zote mbili. J. B. Priestley wa Uingereza, aliyejulikana kwa kunung’unika, alitoa mwaka 1949 kitabu cha insha fupifupi juu ya mambo yanayomfurahisha, nchi yake ikiwa bado inagawiwa chakula kwa vibali baada ya vita. Jicho linalotambua kwamba sambusa hii imekaangwa katika mafuta mapya ndilo litakalotambua kwamba ile ni ya jana. Wanaotuhimiza tuone mema tu na tufumbe macho kwa mengine wanatutaka tuwe nusu vipofu, na nusu kipofu hachagui nusu ipi ya kupoteza.

Tena kuna jambo la kutahadhari. Wapo wanaopenda kuwahubiria maskini habari za raha ndogo, ili mtu asiyelipwa ujira wake atosheke na machweo ya jua. Hayo ni matumizi mabaya ya neno zuri. Kikombe cha kahawa si badala ya mshahara, na mama anayechota maji mbali ana haki ya bomba kabla ya kuambiwa jinsi mtungi unavyopoza. Lakini ni kosa pia kudhani kwamba mwenye shida hana raha zake mpaka shida iishe. Apitaye jioni katika mitaa yetu ya hali ya chini atasikia vicheko vingi kuliko katika mitaa yenye kuta ndefu, ambako pengine vipo lakini havivuki ukuta.

Imebaki nasaha inayotolewa sana, ya kuandika katika daftari mambo mema aliyoyapata mtu. Sonja Lyubomirsky, Kennon Sheldon na David Schkade walieleza mwaka 2005 jaribio la majuma sita juu ya wanafunzi walioandika mpaka mambo matano ya kushukuriwa. Walioandika mara moja kwa juma furaha yao iliongezeka. Walioandika mara tatu kwa juma hawakupata ziada yoyote, labda kwa kuwa hata shukrani huzoeleka. Wauzao madaftari ya kujazwa kila usiku kabla ya kulala huenda wasiipende habari hii. Mwenye kutaka kujaribu nyumbani kwake na achague siku moja, tuseme Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ayataje mambo yake kwa majina yake, kashata ya duka gani, kicheko cha nani, upepo wa saa ngapi, kisha alifunge daftari mpaka Ijumaa ya pili.